Nani Atakayeshinda Nusu ya Pili?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo wazi na yaliyofichika. Na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu, usiku mmoja, baada ya kwisha darasa yetu ya baina ya magharibi na isha, kijana mmoja alibaki nyuma mpaka watu wote wakatoka. Babake alikuwa rafiki yetu, mvuvi, Mungu amrehemu. Kijana alitushika mkono kwa adabu, akaubusu, akasema, "Ami, nina haja kwako, nami naona haya kuisema." Tukamwambia, "Sema, mwanangu." Akatoa simu yake akatuonyesha majina ya timu mbili za mpira wa kikapu za Marekani. Akasema, "Hawa wacheza usiku wa leo. Nataka unitazamie, timu gani itakayoshinda nusu ya pili."

Tulidhani ni mzaha, tukacheka. Yeye hakucheka. Akatuambia kwamba tayari alikwisha kumwendea mtu mmoja, mwenye kilemba na kanzu kama sisi, akampigia ramli kwa shilingi elfu mbili, na jambo likaja kinyume. Sasa alikuja kwetu kwa kuwa, kwa maneno yake, "Wewe Ami, elimu yako ni ya haki."

Ndugu zetu, maneno hayo yalituuma kuliko matusi. Kijana huyu amekaa mbele yetu miaka mingi, amesoma kwetu juzuu na vitabu vya fikihi, na mwisho wa yote alidhani kwamba elimu ya haki ndiyo ile inayojua kikapu kitaingia wapi. Basi ikiwa yeye hakufahamu, kosa la kutofahamisha ni la nani? Kwa sababu hiyo tumeona yatupasa kuliandika jambo hili kwa urefu, kwani si yeye peke yake. Wako wengi katika miji yetu ya pwani, na wazee wao hawajui, au wajua na wamenyamaza.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza yatakikana tuujue mchezo, kwani kukihukumu kitu kabla ya kukijua ni tabia ya wajinga.

Mpira wa kikapu ulianzishwa mwezi wa Disemba 1891 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, huko Marekani. Aliyeuanzisha ni mwalimu James Naismith, aliyetakiwa kuwatafutia wanafunzi wake mchezo wa kucheza ndani ya nyumba wakati wa baridi. Alitundika vikapu viwili vya kutilia matunda, kimoja kila upande, akaandika kanuni 13. Kutoka hapo mchezo ukaenea ulimwenguni, hata leo wachezwa katika shule na viwanja vya Mombasa. Katika ligi kubwa ya Marekani, iliyoanza mwaka 1946, mchezo ni dakika 48, umegawanywa robo nne za dakika 12 kila moja. Robo mbili za mwanzo ni nusu ya kwanza. Kisha wachezaji hupumzika dakika 15, halafu huja nusu ya pili.

Mchezo wenyewe hatusemi kwamba ni haramu. Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha, alipigana mieleka na Rukana, na aliwaacha Mahabushi wakacheza na mikuki yao msikitini. Dini yetu haikuja kuvunja viungo vya vijana wala kuinyima miili haki yake. Mwenye kucheza akiwa amejisitiri, hakupitwa na sala, hakuudhi mtu, huyo hana lawama. Na wako Waislamu waliocheza mchezo huu wakaipa dini yao heshima. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, aliiongoza timu ya Houston ikatwaa ubingwa mwaka 1994 na mwaka 1995, naye akijulikana kwa kufunga Ramadhani na huku akicheza. Wamarekani walistaajabu kumwona mtu aliyeshinda na njaa na kiu akiwashinda walioshiba. Huo ni mfano mwema, nasi twautaja kwa furaha.

Basi ubaya hauko katika mpira. Ubaya uko katika fedha iliyowekwa juu ya mpira wa watu wengine.

KAMARI HII HUCHEZWAJE

Zamani mwenye kucheza kamari alikuwa na mahali pa kwendea, na alipokwenda aliona haya kuonekana. Leo kamari imeingia ndani ya simu. Tangu mwaka 2007 fedha zimekuwa zikipita katika simu nchini kwetu, nayo ni neema kubwa kwa mwenye kumpelekea mamake matumizi. Lakini mlango ule ule uliofunguliwa kwa kheri, wenye kamari nao wameupitia. Kijana hulala kitandani mwake, babake akiamini kuwa mwanawe amelala, kumbe yuko kilabuni mwa kamari bila ya kuvaa viatu.

Tena hawakutosheka na kumwuliza mtu nani atashinda mchezo mzima. Wameukata mchezo vipande vipande kama nyama ya mchinjaji: nani atashinda robo ya kwanza, nani atashinda nusu ya pili, pointi zitakuwa ngapi, fulani atatupa mara ngapi. Na nusu ya pili ina mtego wake. Mtu akiisha kupoteza fedha zake katika nusu ya kwanza, huambiwa, "Usihuzunike, sasa hesabu yaanza upya. Pointi za nyuma hazihesabiwi. Jaribu tena." Yaani mapumziko ya dakika 15 wamepewa wachezaji ili wapumzike, na mcheza kamari ndio wakati wake wa kuangamia.

Na hesabu yao tuitazame, kwani si siri. Mara nyingi huko Marekani mtu hutakiwa kuweka 110 ili apate faida ya 100. Timu inayodhaniwa kuwa na nguvu hutwishwa mzigo wa pointi, hata pande mbili zikawa karibu sawa, kama mtu anayerusha sarafu. Basi chukua mtu aliyecheza mara 100, akashinda 50 na kushindwa 50. Amepata 5,000 na amepoteza 5,500. Hakukosea zaidi ya alivyopatia, na hata hivyo mfuko wake umepungua 500. Ili asipate wala asikose, yampasa ashinde mara 11 katika kila mara 21. Anayezidi hapo kwa miaka ni nadra, na wenye kamari wakimwona humpunguzia kiwango cha kucheza au humfungia mlango. Je, ni biashara gani hii ambayo mnunuzi mwerevu hufukuzwa dukani na mjinga akabembelezwa?

NANI AJUAYE YA KESHO

Sasa tuje katika kutabiri kwenyewe. Mwenyezi Mungu ametufundisha mwishoni mwa Sura ya Luqman kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Mtume s.a.w. naye ametuonya kwamba mwenye kumwendea kahini na kumwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini, na mwenye kumsadiki amekwisha kuyakanya aliyoteremshiwa Muhammad. Basi huyu mpiga ramli aliyechukua shilingi elfu mbili za yatima, kilemba chake hakitamfaa kitu. Sisi twamwambia waziwazi: ikiwa wajua timu itakayoshinda, kwa nini wamtoza kijana elfu mbili na usiweke wewe ukatajirika? Kwa kutojua kwako umechagua fedha iliyo ya yakini, nayo ni ya huyo aliyekuamini.

Mtu akisema, "Mimi simwendei mpiga ramli. Mimi natazama hesabu, najua nani ameumia goti, nani amechoka kwa safari, nani hucheza vyema nusu ya pili. Je, hii nayo ni ghaibu?" Twamjibu: la, kukadiria kwa dalili si kudai ghaibu. Nahodha wa jahazi huingojea kaskazi mwezi wa Disemba, na mkulima hupanda kabla ya masika, wala hapana mwanachuoni aliyewakataza, kwa kuwa wafuata ada aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake. Lakini nahodha hujua kwamba aliyekadiria ni yeye na anayeleta upepo si yeye, kwa hivyo husema Inshallah, na hutia mizigo kwa kadiri ya chombo. Wewe umekadiria, vyema. Kisha kwa nini umeiweka kodi ya nyumba juu ya makadirio yako? Kukadiria ni jambo moja na kuweka fedha ni jambo jingine. La kwanza huenda likawa upuuzi wa kupoteza wakati. La pili ni kamari, hata kama makadirio yako yamesibu.

Na makadirio yenyewe ni dhaifu kuliko mnavyodhani. Tarehe 27 Novemba 1996 timu ya Denver iliingia mapumzikoni ikiwa na pointi 70, na Utah ina 36 tu. Nani katika wajuzi angaliweza kusema wakati ule kwamba Utah itashinda? Lakini nusu ya pili Utah ilipata 71 na Denver 33, na mchezo ukaisha 107 kwa 103, Utah ikiwa juu. Na mwezi wa Mei 2018, katika mchezo wa saba wa kuamua nani aende fainali, Houston ilikuwa mbele ya Golden State 54 kwa 43 wakati wa mapumziko, tena nyumbani kwake. Timu hiyo iliyosifika kwa kutupa mbali ilikosa mitupo ya mbali 27 mfululizo katika mchezo ule, ikashindwa 101 kwa 92. Wachezaji wale ni mabingwa wa kazi yao na mikono ni yao wenyewe, na hawakujua mpira utakwenda wapi. Wewe uliye Kisauni na simu mkononi umejuaje?

Juu ya hayo, pana mlango mwingine ambao mwenye kutabiri hawezi kuuona. Mwaka 1951 ilifichuka huko Marekani kwamba wachezaji wa vyuo kadhaa walikuwa wakihongwa ili wapunguze pointi kwa makusudi. Mwaka 2007 refa wa ligi kubwa, Tim Donaghy, alikiri makosa mbele ya mahakama kwa habari ya kamari juu ya michezo aliyokuwa akiichezesha yeye mwenyewe, akafungwa. Mwaka 2024 mchezaji Jontay Porter alifungiwa maisha na ligi baada ya kuonekana kwamba aliwapa wacheza kamari siri zake, na kwamba alijitoa mchezoni ili kamari yao isimame. Tazameni basi: mmoja alikuwa hakimu wa mchezo na mwingine mchezaji. Fedha iliyowekwa juu ya mpira ilirudi ikauharibu mpira wenyewe. Hivi ndivyo ilivyo haramu, hailiki kwa upande mmoja.

HUKUMU YAKE

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, ameitaja kamari pamoja na ulevi, na masanamu, na mishale ya kupigia bao. Ameviita vyote uchafu katika kazi za shetani, akatuamrisha tujitenge navyo. Kisha ametuonyesha sababu: shetani ataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Mola wetu na kusali. Na katika hadithi iliyo sahihi, Mtume s.a.w. amesema kwamba mtu akimwambia mwenzake tu, "Njoo tucheze kamari," basi na atoe sadaka. Yaani neno peke yake lina kafara, sembuse kitendo?

Mafakihi wetu wametupa kipimo chepesi. Kila mashindano ambayo mwenye kuingia yumo baina ya kupata mali ya mwenzake na kupoteza yake, hiyo ni kamari. Zawadi ambayo mtu wa nje aitoa kwa wenye kushindana mbio za farasi au ngamia au kulenga shabaha hiyo ni mlango mwingine, nao waingia wenye kushindana wenyewe, kwa ajili ya kujizoeza nguvu. Ama huyu hakukimbia, hakulenga, hakutoa jasho. Amelala.

Na tazameni wakati. Katika miezi ya Novemba hadi Februari, mchezo unaoanza New York saa moja za jioni huwa ni saa tisa za usiku kwetu Mombasa. Mapumziko yao hufika saa kumi na dakika zake. Huo ni wakati gani, enyi Waislamu? Ndio thuluthi ya mwisho ya usiku, wakati ambao Qur'ani imewasifu wenye kuomba maghufira. Wazee wetu walikuwa wakiamka wakati huo wakatawadha maji ya mtungini. Mjukuu wao naye yu macho, moyo wamdunda, mikono yatetemeka, anaomba pia, lakini anaomba kikapu kiingie. Na adhana ya alfajiri humkuta amechoka, hulala juu yake. Je, ile aya iliyosema kwamba kamari yazuia sala yahitaji tafsiri nyingine?

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

Wako wanaosema, "Serikali imeruhusu, na kodi yatolewa." Ni kweli kwamba nchi yetu ilikuwa na sheria ya kamari ya mwaka 1966, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya mahali pake. Sheria hizo zatazama leseni, na umri, na kodi. Ulevi nao una leseni. Ruhusa ya serikali hukuepusha na polisi, haikuepushi na Mola wako.

Wako wanaosema, "Pande zote mbili zimeridhika." Twawajibu kwamba mla riba na mtoa riba nao huridhika. Ridhaa ni sharti ya biashara iliyo halali, haiigeuzi haramu ikawa halali.

Wako wanaosema, "Hii si kamari, ni kubashiri." Hapa twastaajabu. Neno hili latokana na bishara, nayo ni khabari njema, na Mtume wetu s.a.w. katika majina yake ni Bashiri. Wamelitwaa jina tukufu wakalivisha uchafu, kama tulivyoonywa kwamba watu watakunywa ulevi na kuuita kwa jina lisilo lake. Nguruwe ukimwita kondoo hachinjiki.

Na juma lililopita mmoja alituletea hoja ya kielimu, akasema, "Mbona Sayyidna Abubakar r.a. aliwekeana na makafiri wa Makka juu ya vita vya Warumi na Wafursi?" Hoja hii yataka jibu, kwani kisa kipo katika vitabu vya hadithi. Warumi walishindwa, Makureshi wakafurahi, ikateremka Sura ya Ar-Rum kwamba Warumi watashinda baada ya miaka michache, na Sayyidna Abubakar akawekeana nao. Majibu ni mawili. La kwanza, katika mapokezi yenyewe imeelezwa kwamba hayo yalikuwa kabla ya kuharimishwa. La pili, yeye hakubahatisha. Aliweka juu ya neno la Mwenyezi Mungu, lisiloweza kuwa ila kweli. Basi nawe ukiwa umeteremshiwa wahyi juu ya timu ya Denver, tuonyeshe. Na ukiwa huna, usijifananishe na Siddiki.

MIKEKA YA MSIKITI

Sasa turudi kwa kijana wetu, kwani tumeacha jambo ambalo ni zito kwetu kulisema.

Babake alipofariki, mashua na mashine yake viliuzwa shilingi 320,000. Warithi ni mama mtu, kijana, na dada zake wawili wadogo. Hesabu tuliigawa sisi wenyewe: mama thumuni yake 40,000, kijana 140,000, na kila msichana 70,000. Fedha zikaachwa mkononi mwa kijana kuwa amana mpaka wapate kiwanja kidogo cha kujenga vyumba. Usiku ule alipokuja kwetu zilikuwa zimebaki 90,000. Tukafanya hesabu upya, naye akitazama kidole chetu juu ya karatasi: fungu lake lote lilikwisha, na 90,000 zaidi zilikuwa ni za mamake na za yatima. Haikuwa mali yake. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya An-Nisaa kwamba wenye kula mali ya yatima kwa dhulma hula moto matumboni mwao. Kijana alikuwa akiijua aya ile kwa moyo. Aliianza kuisoma, akashindwa kuimaliza.

Tukamwuliza, "Kwa nini hukusimama ulipoanza kupoteza?" Akatujibu, "Ami, mwanzo sikupoteza. Mwezi wa kwanza nilipata elfu sitini. Ndizo nilizowanunulia ile mikeka ya msikiti."

Ndugu zetu, tuliikumbuka siku ile. Aliileta mikeka mipya, ya shilingi 18,000, siku ya Ijumaa. Hapana katika sisi aliyemwuliza kijana asiye na kazi amezipata wapi. Tulisimama mbele ya watu, tukanyanyua mikono, tukamwombea Mwenyezi Mungu amzidishie riziki kwa mlango ule ule alioipatia. Na jamaa wote wakaitikia Amin. Yeye akatoka pale akiamini kwamba mlango wake umebarikiwa, na usiku ule ule akaufungua tena. Vijana huiita karatasi ya kamari yao mkeka, na wakipoteza husema mkeka umechanika. Sisi tulikuwa twasali juu ya mkeka wa kwanza, na hatukujua.

Hatuandiki haya ili kumfedhehi yeye, hapana atakayemtambua. Twayaandika ili kujilaumu sisi. Wanavyuoni wamesema kwamba mali kama hiyo, wenyewe wasipojulikana, mtu huitoa kwa masikini na katika maslaha ya Waislamu hali ya kujiondolea mzigo, si hali ya kutafuta thawabu wala kusifiwa. Kosa letu lilikuwa katika sifa. Twawapigia watu kelele juu ya hawli na juu ya ramli, na mtu akituletea kitu mkononi twafumba macho. Mikeka ile tumeiondoa, tumeigawa kwa masikini, na tumerudi juu ya ile ya zamani. Imechanika, lakini twajua ilikotoka.

Ama kijana, tulikwenda naye kwa mamake usiku ule ule, akasema kwa ulimi wake mwenyewe yote aliyoyafanya. Mama alinyamaza kitambo kirefu, kisha akauliza, "Na za wasichana?" Hakuuliza zake. Zile 90,000 zilizobaki zimewekwa kwa mzee mwaminifu. Deni la 90,000 nyingine limeandikwa mbele ya mashahidi, naye sasa afanya kazi ya kubeba mizigo na huleta kidogo kila juma. Kwani toba ya haki ya binadamu ina sharti zaidi ya toba nyingine: kuacha, na kujuta, na kuazimia kutorudia, na kumrudishia mwenyewe haki yake. Kulia msikitini hakulipi deni la yatima.

Basi wazee, twawausia. Waulizeni watoto wenu watokako na fedha, kama mnavyowauliza wanapokosa fedha. Na nyinyi maimamu na waalimu, msiinue mikono kabla ya kufungua midomo na kuuliza. Na nyinyi vijana mliokwisha kuingia, msingoje mshinde mara moja ya mwisho ndipo mwache. Hiyo mara ya mwisho ndiyo inayowaweka huko. Mtu na aende kwa mzee wake leo, aseme alichokipoteza na cha nani. Haya ya usiku mmoja ni nyepesi kuliko fedheha ya siku ya Kiyama.

NUSU YETU YA PILI

Tulipokuwa twatoka nyumbani kwa mama yule, kijana alituuliza kwa sauti ndogo kama Mwenyezi Mungu atamsamehe baada ya hayo. Tukamkumbusha hadithi ya Mtume s.a.w. kwamba amali huangaliwa miisho yake. Kwani mtu huenda akafanya amali za watu wa Peponi mpaka ikabaki baina yake na Pepo dhiraa moja, kisha akateleza. Na mwingine huenda kinyume chake, mpaka ikabaki dhiraa moja baina yake na Moto, kisha akageuka akaokoka. Aliyetangulia asijione, na aliyeachwa nyuma asikate tamaa.

Nasi tumekwisha kupita arubaini, umri ambao Qur'ani imeutaja kuwa ndio wa mtu kufikia utimilifu wake na kuomba tawfiki ya kushukuru. Kwa hivyo swali la kijana twalichukua tukajiuliza wenyewe, nanyi jiulizeni. Nusu ya kwanza imekwisha, hesabu yake imeandikwa. Katika nusu ya pili, nani atakayeshinda, sisi au nafsi zetu? Hakuna mpiga ramli atakayekuambia, wala hesabu ya mtu. Tena nusu hii haina saa ukutani ya kukuonyesha zimebaki dakika ngapi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyafanya kwa kujua na kwa kutojua. Utusafishie riziki zetu, na utukinge na kula mali ya yatima kwa mikono yetu au kwa kunyamaza kwetu. Uwarudishe vijana wetu katika njia yako, na ufanye miisho yetu kuwa bora kuliko mianzo yetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.